Miji bora ya kuishi duniani: nani anaipanga, na inatuhusu nini sisi wa foleni na madumu?

Kila mwaka lazima ije. Unafungua simu asubuhi, kwenye grupu mtu ameshatupia orodha: hii hapa miji 10 bora ya kuishi duniani. Vienna, Copenhagen, Zurich, Melbourne. Majina ni yale yale, yanapokezana nafasi tu. Watu wanacheka, halafu mmoja anauliza: "Na sisi wa Mbagala tumeshika namba ngapi?"

Ameuliza kwa utani, lakini swali ni zito. Mji unapewaje maksi? Nani anasahihisha? Na wale wa juu walifanya nini ambacho wengine hawajafanya?

Tuanze na wanaopanga.

Orodha mbili kubwa

Orodha zinazosambaa sana ni mbili. Ya kwanza ni ya Economist Intelligence Unit (EIU), kitengo cha utafiti cha kampuni ya Uingereza inayochapisha jarida la The Economist. Wao hupima miji 173 na kuipa maksi kati ya 0 na 100. Maksi hizo zimegawanywa hivi:

- Usalama na utulivu: asilimia 25
- Utamaduni na mazingira: asilimia 25
- Huduma za afya: asilimia 20
- Miundombinu: asilimia 20
- Elimu: asilimia 10

Kwenye miundombinu wanaangalia barabara, usafiri wa umma, safari za kimataifa, upatikanaji wa nyumba nzuri, umeme, maji na mawasiliano.

Orodha ya pili ni ya Mercer, kampuni ya ushauri wa masuala ya ajira. Hii iliiweka Vienna namba moja miaka kumi mfululizo hadi 2019. Na mwaka 2017 Mercer ilipoangalia miundombinu peke yake, aliyeongoza alikuwa Singapore.

Kwa EIU, Vienna iliongoza 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2025 ikashushwa na Copenhagen. Sababu? Maksi za usalama za Vienna zilipungua baada ya tishio la shambulio kwenye tamasha la Taylor Swift lililofutwa mwaka 2024. Maji hayakukatika, treni hazikusimama. Huko juu tofauti ni ndogo kiasi hicho. Mkiani ilikuwa Damascus, mji uliopita kwenye vita vya miaka mingi.

Kumbe hazikutengenezwa kwa ajili yako

Hapa ndipo wengi hatupajui. Orodha hizi zina kazi moja muhimu: kusaidia kampuni kubwa kupanga posho ya mazingira magumu kwa mfanyakazi anayepelekwa nchi nyingine.

Kwa utaratibu wa EIU, mji wenye maksi 80 kwenda juu hauna haja ya posho. Maksi zikishuka, posho inapanda. Mji wenye maksi 50 kwenda chini, inapendekezwa mtu aongezewe asilimia 20 ya mshahara kwa kukubali kuishi pale.

Soma tena sentensi hiyo. Kuna mtu analipwa zaidi kwa kuvumilia mji ambao wewe umezaliwa na unaishi bila kulipwa chochote.

Ndiyo maana orodha zina mapengo. La kwanza, EIU haihesabu gharama za maisha. Zurich inang'ara kwenye orodha, lakini ni kati ya miji ghali kuliko yote duniani. Mji unaweza kuwa mzuri na wewe ukashindwa kuumudu.

La pili, namba moja inabeba mji mzima. Nairobi inapata alama moja, lakini mtu wa Karen na mtu wa Kibera hawaishi mji mmoja. Dar nayo hivyo hivyo: Oysterbay na Tandale ziko karibu kwenye ramani, ila bomba la maji na mtaro wa mvua vinakwambia habari nyingine.

Kwa hiyo tusiitupe orodha, wala tusiiabudu. Faida yake ni kutuonyesha pa kuangalia. Tuangalie miji michache kwa karibu.

Vienna: maji ya mlimani na nyumba za manispaa

Vienna ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa na kipindupindu na homa ya matumbo. Watu walikunywa maji ya visima vilivyochafuliwa. Mji ukaamua kufuata maji safi kwenye chemchemi za milima ya Alps. Bomba kuu la kwanza lilifunguliwa mwaka 1873, la pili 1910.

Maji hayo yanashuka yenyewe kwa mteremko mpaka mjini, hayahitaji pampu. Njiani yanazungusha mitambo na kutoa umeme. Mabomba hayo yanafanya kazi mpaka leo. Mtu anayefungua koki Vienna asubuhi hii anatumia uamuzi uliofanywa zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Jambo la pili ni nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakazi wengi walikuwa wamebanana kwenye vyumba vibovu. Mwaka 1923 mji ukaanzisha kodi maalumu ya ujenzi wa nyumba: mwenye jumba la kifahari analipa zaidi, mwenye chumba kimoja analipa kidogo. Kufikia 1934 zilikuwa zimejengwa nyumba zipatazo 60,000. Jengo maarufu kuliko yote, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa 1930 na lina urefu wa zaidi ya kilomita moja.

Leo manispaa inamiliki nyumba takriban 220,000. Ukijumlisha na zile zilizojengwa kwa ruzuku, takriban nusu ya wakazi wanaishi kwenye nyumba za aina hiyo. Na wanaoishi humo si maskini peke yao. Mwalimu, dereva na muuguzi wote wanaingia, kwa sababu kiwango cha kipato kinachoruhusiwa ni cha juu.

Linganisha na kijana wa Dar anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hajaingiza hata godoro. Nyumba nyingi zikiwa za umma, mwenye nyumba binafsi naye hapandishi kodi anavyotaka, maana mpangaji ana pa kwenda.

Singapore: nyumba kwanza, gari baadaye

Mwaka 1960 Singapore ilianzisha shirika la nyumba, HDB. Wakati huo watu wengi waliishi kwenye vibanda vya mbao na makuti. Mei 1961 moto uliteketeza mtaa wa Bukit Ho Swee na kuwaacha watu wapatao 16,000 bila makazi. Serikali ikajenga maghorofa kwa kasi. Leo takriban wakazi 8 kati ya 10 wanaishi kwenye nyumba za HDB, na wengi wamezinunua kwa hati ya miaka 99.

Kuhusu foleni, Singapore ilichukua hatua ambayo ingezua kelele kwetu. Tangu 1975 magari yalianza kutozwa kwa kuingia katikati ya mji. Tangu 1990, kabla ya kununua gari lazima ushinde mnada wa kibali cha kulimiliki. Kibali ni cha miaka 10, na miaka ya karibuni bei yake imevuka dola 100,000 za Singapore. Hapo bado hujalipia gari lenyewe.

Ukali huo unavumilika kwa sababu mbadala upo. Treni za mjini zilianza 1987, zinafika maeneo mengi na zinakuja kwa wakati. Kumbana mwenye gari wakati basi lenyewe watu wanapandia dirishani ni kumuonea.

Copenhagen: bandari ya kuogelea

Mji ulioongoza 2025 unasifiwa kwa baiskeli, na kweli zipo kila kona, na njia zake zimetengwa na magari. Treni zake za metro hazina dereva na zinatembea saa 24.

Ila hadithi nzuri zaidi iko majini. Kwa miaka mingi maji ya bandari ya Copenhagen yalikuwa machafu. Kila mvua kubwa iliponyesha, mifereji ilifurika na majitaka yakaingia baharini. Mji ukaboresha mfumo wa majitaka na kujenga matangi makubwa chini ya ardhi ya kuhifadhi maji ya mvua mpaka yasafishwe. Mwaka 2002 likafunguliwa eneo la kuogelea katikati ya bandari hiyo hiyo. Fedha nyingi zilizikwa ardhini, mahali ambapo hakuna kiongozi wa kukata utepe.

"Wale ni matajiri." Basi sikia ya Phnom Penh

Hapo utasema: sawa, hao wana hela. Twende Cambodia.

Mwaka 1975 utawala wa Khmer Rouge uliwafukuza wakazi wote wa mji mkuu, Phnom Penh. Waliporudi miaka kadhaa baadaye, mfumo wa maji ulikuwa umekufa. Kufikia 1993 asilimia 72 ya maji yaliyozalishwa yalikuwa yanapotea. Mengine yalivuja, mengine yaliibwa. Watu walijiunganishia kienyeji, na ndani ya mamlaka yenyewe walikuwemo waliouza maji hayo kwa mlango wa nyuma.

Mwaka huo mhandisi Ek Sonn Chan akapewa mamlaka ya maji. Hakuanza na mradi mkubwa wa kupiga picha. Aliwaondoa wala rushwa, akawapandisha wafanyakazi wazuri, akafunga mita kila nyumba, akahesabu wateja mtaa kwa mtaa. Kisha akadai kila mtu alipe, wakiwemo vigogo, wanajeshi na ofisi za serikali. Kuna simulizi inayojulikana ya jenerali aliyemuelekezea bunduki kwa ajili ya suala hilo la mita na bili. Hakurudi nyuma.

Upotevu ukashuka mpaka takriban asilimia 6. Maji yakatoka saa 24. Familia maskini zikapewa nafuu ya gharama za kuunganishwa, na zikaacha kununua maji ya madumu kwa bei ya juu kuliko ya bomba. Mwaka 2006 Ek Sonn Chan alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay.

Phnom Penh haijaingia kumi bora za EIU. Lakini kwa mtu aliyekuwa anabeba ndoo, mji ulibadilika.

Mwendokasi ulitoka wapi?

Hata usafiri una safari yake. Mwaka 1974 Curitiba, mji wa Brazil uliokuwa chini ya meya Jaime Lerner, haukuwa na fedha za kuchimba treni ya chini ya ardhi. Ukayapa mabasi njia yake peke yake. Bogotá, Colombia, ikachukua wazo hilo na kuanzisha TransMilenio mwaka 2000. Mwezi Mei 2016 likafika Dar es Salaam: mwendokasi, awamu ya kwanza takriban kilomita 21, ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco. Mwaka 2018 Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu.

Mpandaji wa kila siku anajua upande wa pili: mabasi machache, vituo vinavyofurika, na maji ya mto Msimbazi yanayosimamisha safari pale Jangwani. Barabara ilijengwa, kazi ngumu ikawa kuiendesha. Miundombinu ni kama shamba. Kulima ni siku moja, palizi ni msimu mzima.

Ipime mji wako mwenyewe

Huhitaji kampuni ya Ulaya. Jibu maswali haya sita:

1. Maji yanatoka bombani siku ngapi kwa wiki, na unathubutu kuyanywa bila kuchemsha?
2. Kwenda na kurudi kazini kunakula saa ngapi na nauli kiasi gani cha kipato chako?
3. Kodi ya nyumba inachukua sehemu gani ya mshahara?
4. Mtoto akiugua saa nane usiku, unafika wapi na kwa usafiri gani?
5. Mvua ikinyesha saa mbili mfululizo, mtaa unapitika?
6. Mama mtu mzima anaweza kuvuka barabara bila kukimbia?

Ukimaliza, yapange kwa lililo karibu zaidi kubadilika. Bomba linalovuja kwa mwezi mzima ni la kupeleka kwenye mamlaka ya maji, na mtaro ulioziba ni wa kikao cha mtaa. Njia ya watembea kwa miguu ni swali la kumuuliza diwani kabla ya kura, akiwa bado anakuita ndugu.

Vienna ilikuwa mji wa kipindupindu. Singapore ilikuwa na watu wa vibanda vilivyoungua. Copenhagen ilimwaga uchafu bandarini. Kila mmoja ulianza na tatizo moja, ukalisimamia miaka mingi, viongozi wakabadilika na kazi ikaendelea.

Orodha ya mwakani itakuja tu, na Mbagala haitakuwemo kumi bora. Ila ukiulizwa mmeshika namba ngapi, angalau utajua cha kujibu: koki, nauli, kodi, mtaro. Kwako leo, kipi kiko hoi zaidi?