Nani Mtenda Katika Sentensi ya Maendeleo?

HAIPITI wiki siku hizi bila idara zetu za vyuo vikuu kupokea mwaliko wa warsha ya "kuwezesha viongozi wa sanaa kwa maendeleo endelevu". Wafadhili wamepatikana, hoteli imelipiwa, washiriki wanatoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Kongo, na ratiba imejaa pomoni tangu asubuhi hadi magharibi. Sina ugomvi na nia hiyo. Kwamba ngoma, maigizo na ushairi vina uwezo wa kuwakutanisha watu wa makabila na mataifa mbalimbali, wakazungumzia maji, ardhi, elimu na afya bila kutoana macho, ni jambo ambalo mwenye macho haambiwi tazama. Ninachonuia kukijadili katika makala haya ni sarufi ya shughuli yenyewe. Nasema sarufi kwa sababu ndiyo taaluma inayonilisha, na pia kwa sababu naamini kuwa kasoro kubwa ya mipango hii imejificha ndani ya kitenzi kimoja.

Kitenzi chenyewe ni "kuwezesha". Mwanafunzi yeyote wa sekondari ataniambia kwamba kimetokana na "kuweza" na kimenyambuliwa katika kauli ya kutendesha. Anayeweza hutenda mwenyewe. Anayewezesha humfanya mwingine aweze; naye huyo mwingine, mara tu sentensi inapogeuzwa, huwa "amewezeshwa". Tazama basi mambo yanavyokuwa. Fundi wa marimba aliyeitumikia sanaa yake kwa miaka thelathini anaingia katika sentensi akiwa mtendwa, na kijana aliyewasili jana na kalamu za rangi na karatasi kubwa za kubandika ukutani ndiye mtenda. Sarufi haina hatia. Inatuonyesha tu yale ambayo tumekwisha kuyaamua kimoyomoyo.

Linganisha na neno "maendeleo". Mzizi wake ni "enda", likaja "endelea", na ndipo tukapata nomino. Anayeendelea ndiye anayekwenda, kwa miguu yake mwenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alilishikilia jambo hili katika andiko lake la mwaka 1968 lililoitwa Uhuru na Maendeleo, akisisitiza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Nalo neno "endelevu", ambalo limeshika kasi tangu mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992, limetoka katika mzizi uo huo. Kwa hivyo tunaposema "maendeleo endelevu" tunasema, kwa Kiswahili cha wazi, mwendo uendeleao kuendelea. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowaeleza hili, lakini mimi naona kwamba lugha imetuzidi akili hapa. Inatukumbusha mara mbili kwamba hakuna mwendo pasipo mwenda.

Ama kwa hakika, sisi Wakenya hatuhitaji kusafiri mbali kutafuta mfano. Mwaka 1976, katika kijiji cha Kamiriithu huko Limuru, wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakaanza na madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Wasomi walikuwapo. Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alikuwa akiongoza idara ya fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Ngugi wa Mirii alikuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima. Naye Kimani Gecau alikuja kuwa mwelekezi wa igizo. Hao wawili wa kwanza ndio walioombwa kuandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda. Lakini rasimu ilipofika kijijini haikupokewa kama wahyi. Wazee waliisahihisha lugha. Walieleza kwamba mhusika wa umri fulani hawezi kuzungumza hivi, na kwamba wimbo wa sherehe fulani hauimbwi vile. Vibarua wa mashamba ya majani chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu waliyaeleza maisha yao ya kazini, na maelezo hayo yakaingia katika mchezo. Mazoezi yalifanyika hadharani, yeyote apitaye akaweza kusimama na kukosoa. Jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watazamaji zaidi ya elfu mbili, walilijenga wenyewe.

Hebu tuulize: katika kazi hiyo nani alikuwa mwezeshaji, na nani mwezeshwa? Maprofesa walifundishwa Kikuyu chao upya na watu ambao baadhi yao walikuwa ndio kwanza wanajifunza alfabeti. Igizo lilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Mwezi uliofuata leseni yake ilifutwa na serikali, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini, asiachiliwe hadi Desemba 1978.

Lililofuata halisemwi sana madarasani, nalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Kikundi hakikufa kwa kukosa kiongozi. Mwaka 1981 wanakijiji walikuwa wamerudi mazoezini na igizo jipya, Maitu Njugira, na safari hii walipanua ngome yao, wakaingiza nyimbo za jamii nyingi za Kenya, angalau nane. Mwana wa Limuru ilimbidi ajifunze kuimba kwa lugha ya jirani ambaye hajawahi kula naye. Huo ndio ushirikiano wa tamaduni tunaouandikia maombi ya ufadhili leo, nao haukuwa na mfadhili. Walipokosa ruhusa ya kuingia katika Jumba la Kitaifa la Maigizo mwanzoni mwa mwaka 1982, walifanya mazoezi chuoni Nairobi, na watu kwa maelfu wakaenda kuyatazama. Machi mwaka huo jukwaa la Kamiriithu likabomolewa na polisi.

Ngugi wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe, na huko ndiko mbegu ya Limuru ilikoota tena. Agosti 1983 palifanyika Murewa, kaskazini mashariki mwa Harare, warsha ya Afrika kuhusu maigizo ya maendeleo, iliyowakusanya wasanii na maafisa wa maendeleo kutoka nchi nyingi za bara hili. Ilikuwa na sifa njema, kwani washiriki walitolewa hotelini wakapelekwa vijijini. Hata hivyo ilizaa swali ambalo bado linatusumbua. Mgeni kutoka Afrika Magharibi hakijui Kishona. Atazungumzaje na mkulima wa Murewa? Kwa mkalimani. Na mkalimani, kama mwanaisimu yeyote atakavyokiri, habebi maneno tu, huchagua. Katika mkutano wa namna hiyo uongozi huteleza, pasi na mtu kukusudia, kutoka kwa anayelijua jambo hadi kwa anayeijua lugha ya mkutano.

Niliyaona haya kwa macho yangu miaka michache iliyopita, nilipoalikwa kutafsiri katika warsha moja ya Pwani. Washiriki walitoka nchi nne, na, la kushangaza, wote walielewana kwa Kiswahili, wengine cha Bukavu, wengine cha Kampala, wengine cha Mombasa. Hata hivyo majadiliano yaliendeshwa kwa Kiingereza, kwa sababu ripoti ingeandikwa kwa Kiingereza. Mzee mmoja wa Kwale, kiongozi wa kikundi cha sengenya, alikuwa amealikwa na vijana wake. Jina lake halikuwa katika orodha ya washiriki. Lilikuwa chini, katika fungu la burudani ya adhuhuri. Walipomaliza kucheza, mwezeshaji alimwendea kwa adabu akamwuliza, "Mzee, tueleze changamoto mnazopitia kama wasanii." Mzee alijifuta jasho, akamjibu, "Mwanangu, mimi niliitwa kupiga ngoma. Kama ni kuulizwa, ningeulizwa kabla ya chakula."

Watu walicheka, kikao kikaendelea. Lakini mzee yule alikuwa ameongoza watu kwa miaka mingi kuliko umri wa mwezeshaji. Alijua kuwapatanisha vijana wawili wanaogombea ngoma moja, kugawa fedha za harusi bila manung'uniko, na kumnyamazisha mlevi bila kumwaibisha. Maarifa hayo yote yalikula pilau yakaondoka.

Lugha yetu ilikwisha kuyapa maarifa hayo majina. Tuna manju, anayetunga na kuongoza nyimbo za ngoma. Tuna sogora, bingwa wa kupiga ngoma. Tuna mngoi, anayetangulia kuimba, na malenga kwa upande wa ushairi. Hakuna hata moja kati ya majina haya lililotokana na kauli ya kutendesha. Kila moja lataja ustadi ambao mtu anao tayari, na ambao wenzake wameukubali kwa kuitikia. Mngoi asipopata waitikiaji hana ungoi.

Wala tusidhani kwamba mitandao ya sanaa inayovuka mipaka ililetwa na mashirika. Ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kizungu na kuzigeuza ikapendavyo, ilizuka katika miji ya mwambao kama Lamu na Mombasa mnamo miaka ya 1890. Ilienea Tanganyika, ambako makundi ya Marini na Arinoti yalishindana vikali, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikapelekwa na askari na vibarua hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Makundi hayo yalikuwa na vyeo, Kingi, Jenerali, Kanali, na vyeo vilikuwa na wajibu: kumpokea mgeni aliyehamia mjini, kumwuguza mgonjwa, kumzika aliyekufa mbali na kwao. Mnyamwezi, Mmanyema na Mswahili walikutana humo. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama vyenye madaraka ya namna hiyo. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Palikuwa na majivuno, na fedha nyingi zilipotea katika mashindano ya kukomoana. Lakini makundi haya yalidumu miongo kadhaa, na ningependa kuona ni miradi mingapi ya leo itakayomaliza hata mmoja baada ya fungu la mwisho la fedha kutumika.

Msomaji anaweza kudai kwamba nawachukia wawezeshaji. La hasha. Huko Malya, mkoani Mwanza, mnamo miaka ya 1982 na 1983, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, waliishi na vijana wa kijiji, wakatumia sanaa zao kuchambua tatizo la wasichana kupata mimba na kuacha shule. Kutokana na tajiriba ya namna hiyo, mwaka 1996 ulianzishwa mradi wa wasichana wa sekondari uitwao Tuseme. Wasichana wenyewe walitaja matatizo yao, wakayaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wakafuatilia yale waliyoahidiwa. Mradi huo ulienezwa katika nchi nyingine za Afrika kupitia jukwaa la wanawake waelimishaji lenye makao yake hapa Nairobi, ukafika Rwanda na hata Senegal ukiwa na jina lake la Kiswahili. Litazame jina. Kiambishi ni cha nafsi ya kwanza wingi na hali ni ya kutaka. Hakuna anayesemeshwa. Nasikitika kidogo tu kwamba Mlama, mtunzi wa Hatia na Nguzo Mama, alilazimika na soko la taaluma kukiandika kitabu chake muhimu kuhusu sanaa na maendeleo, cha mwaka 1991, kwa Kiingereza. Mwalimu wa Malya atakisomaje?

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa, pamoja na michezo, kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Kwa maneno mengine, uongozi wa sanaa umekuwa somo letu, si hisani ya mfadhili. Nasi tuna tamasha la kitaifa la drama lenye historia tangu mwaka 1959. Lakini kila mmoja wetu anajua yanayotendeka: shule humwajiri mwandishi na mwelekezi kutoka nje, hulipa pesa nyingi, na wanafunzi hukariri. Kombe huja, picha hupigwa, na mwaka unaofuata shule isiyo na pesa hukaa nyumbani.

Aprili 2025, mjini Nakuru, wasichana wa Butere walifika na igizo la Echoes of War baada ya Mahakama Kuu kuamua kwamba wasizuiwe kushiriki. Mswada haukuwa wao. Uliandikwa na mtu mzima, mwanasiasa, ambaye wakati huo alikuwa ametiwa mbaroni. Polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana wale waliingia ukumbini, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Kuna waliowasifu na kuna waliowalaumu. Mimi nimeona jambo moja la kisarufi: katika siku ile nzima, yenye maagizo mengi kutoka kwa watu wazima wa pande zote, hicho ndicho kitendo pekee ambacho kiima chake kilikuwa wao.

Napendekeza hivi kwa muhula ujao, kwa shule yoyote isiyo na pesa za kumwajiri mtu. Watume wanafunzi kwa manju, sogora au bibi mwimbaji aliye karibu, popote alipo na kwa lugha yake. Wamwulize jinsi anavyowachagua warithi wake, anavyogawa malipo na anavyomaliza ugomvi, kabla hawajamwomba awafundishe hatua hata moja ya ngoma. Warudi waandike mswada pamoja. Mswada huo usomwe mbele ya mzee huyo asahihishe, naye alipwe kwa usahihishaji kiasi kile kile ambacho tungemlipa mwelekezi wa mjini. Na warsha zikija, kwa kuwa zitakuja, shule iwaulize waandaaji maswali mawili kabla ya kutia sahihi: ripoti itaandikwa kwa lugha gani, na mzee wetu yumo katika orodha ipi?