Nduthi ya Alhamisi

Ukishuka matatu Mukurweini ukaifuata njia ya udongo mwekundu kuelekea Gikondi, utaelewa kwa nini upweke wa wazee wa Nyeri huanzia magotini. Nchi hii ni matuta na mabonde. Nyumba imeng'ang'ania ubavu wa kilima, kahawa iko chini yake, mto uko chini zaidi. Kanisa, soko na zahanati viko juu barabarani. Mtu wa miaka 30 huupanda mlima huo huku akiongea kwa simu. Wa miaka 80 huutazama kutoka mlangoni, na siku moja, bila kumwambia yeyote, huacha kuupanda.

Cucu wangu, yaani nyanya yangu, aliuacha alipofika miaka 81. Hadi wakati huo alikuwa mtu wa Alhamisi. Tangu alipoolewa, alasiri ya siku hiyo ilikuwa ya wanawake wenzake. Walifanya ngwatio, wakipalilia shamba la huyu leo na la yule wiki ijayo. Mmoja akijifungua walimpelekea itega: kuni, ndizi, unga wa uji. Miaka ikaenda, itega ikawa vikombe na blanketi, kisha pesa za mzunguko. Magoti yalipogoma hakuna aliyemfukuza. Wiki ya kwanza walimuulizia, ya pili wakampigia simu, halafu wakazoea. Mchango wake haukukatika kwa sababu sisi wajukuu tuliutuma kutoka Nairobi, na kwenye daftari la kikundi alikuwa hana deni. Tulikuja kugundua kwamba alikuwa amemaliza siku tisa bila kuona uso wa mtu.

Nairobi ni kilomita 150 hivi kutoka Nyeri, na vijana wa hapa wameishukia kwa vizazi vitatu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika kaunti hizi za Mlima Kenya, ambako familia zimekuwa ndogo na baadhi ya shule za msingi zina madarasa matupu, mtu huwaona wazee hao bila kusoma takwimu. Desturi ya Wakikuyu humpa binti wa kwanza jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Kwa hivyo jina la cucu huitwa mara hamsini kwa siku huko Ruiru na Kasarani, na mwenyewe hayupo kulisikia. Kijijini waliokuwa wakimwita kwa jina la usichana ni wa riika, yaani rika lake, na rika hilo linapungua kila mwaka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 likisema mtu mmoja kati ya sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke huchangia vifo 871,000 hivi kila mwaka. Kwa daktari hizo ni habari za moyo na kiharusi. Kwa mkazamwana anayepita asubuhi ni chai ya jana iliyoganda utando kikombeni.

Serikali huwapa waliofika miaka 70 na kuandikishwa kwenye mpango wa Inua Jamii shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni za lazima na zinachelewa mno. Lakini nimesimama karibu na foleni ya malipo Karatina nikaona jambo jingine: guka, yaani mababu, wamevaa koti na kofia ya Jumapili, wamefika kabla benki haijafunguliwa, na waliokwisha kulipwa bado wameketi ukutani saa sita. Siku ya malipo ndiyo iliyokuwa mkutano wao. Malipo kwa simu yatawapunguzia safari, na nayaunga mkono, ila ukuta ule nao unahitaji mrithi.

Gikondi ilikuwa na mtu aliyelijua hitaji hili zamani. Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa Shirika la Consolata, aliishi huko kuanzia 1920 hadi alipofariki Oktoba 31, 1930, kwa tauni aliyoambukizwa akimuuguza mgonjwa. Wenyeji walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alipanda na kushuka vilima hivi kwa miguu akiingia nyumba kwa nyumba, na aliwaandikia barua vijana waliokwenda kutafuta kazi mijini. Mei 23, 2015, alitangazwa mwenye heri hapa Nyeri. Watu husimulia miujiza yake. Mimi hukumbuka zaidi kwamba alirudi tena na tena kwenye milango ileile.

Ndiyo maana siridhiki na misafara ya Oktoba 1, siku ya wazee duniani, au ya Krismasi: unga, blanketi, picha, kisha vumbi la gari. Mzee hupewa kitu, hapewi siku ya kungojea. Huko Uingereza, shirika la Contact the Elderly, ambalo leo huitwa Re-engage, lilianza 1965 kwa mpango mwepesi: Jumapili moja kila mwezi, chai nyumbani kwa mtu, na mwenye gari wa kujitolea anayewafuata wageni mlangoni. Chai hata mzee anaweza kujipikia. Safari ya kuifikia ndiyo iliyomshinda.

Gari halifiki kwa cucu. Nduthi, yaani pikipiki, hufika. Majirani watatu walipatana: mwalimu mstaafu akatoa sebule yake karibu na barabara, mama mmoja akatoa jiko, na kijana wa nduthi akatoa alasiri yake ya Alhamisi, apewe mafuta tu. Wazee saba hufuatwa mmoja mmoja, wameketi upande, wakiendeshwa polepole kama trei za mayai. Mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale wapatao 100,000 waliokabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023, hupitia hapo kuwapima shinikizo la damu. Ndiye aliyewaelekeza kwenye milango miwili ambayo hakuna aliyekuwa akiibisha.

Wanaume ndio wagumu. Guka haendi mahali "kunywa chai na wanawake". Mwambie aje atazame miche ya kahawa iliyonyauka, au aeleze mpaka wa shamba ulipita wapi kabla ya vijiji vya Hali ya Hatari, enzi ya ukoloni, na atakuja, atakaa, atakunywa vikombe vitatu. Wanawake pia waliweka sharti lao: hakuna anayekuja mikono mitupu. Anayeweza huleta ngwaci (viazi vitamu) mbili. Cucu huleta uji.

Nduthi hupiga honi saa nane kasoro, juu ya shamba la kahawa. Cucu huwa amevaa tangu saa nne. Wiki iliyopita mvua ilimchelewesha kijana, akamkuta amekwisha kuanza kupanda mwenyewe, mkongojo mkono mmoja, chupa ya uji mkono mwingine, amefika kwenye mgomba wa tatu.