Chawa wa Manyoya kwa Njiwa: Dalili, Tiba na Wakati wa Kumwita Afisa Mifugo

Mfugaji anayemshika njiwa wake na kuona vijistari vyeusi vikijongea katika manyoya ya bawa mara nyingi hukimbilia dawa iliyo karibu. Penye ng'ombe huwa ni dawa ya josho. Penye bustani ya nyanya huwa ni dawa ya kunyunyizia nyanya. Pasipo na hivyo, mafuta ya taa. Zote tatu zaweza kumuua njiwa upesi kuliko chawa.

Njiwa wa kufugwa nyumbani, njiwa wanaorandaranda mijini na njiwa wa mashindano ni wa jamii moja, hivyo chawa wao ni wale wale. Nchini Ubelgiji, ambako mashindano ya njiwa yalistawi katika karne ya 19, ndege wa mabanda mbalimbali husafirishwa pamoja katika makreti hadi mahali pa kurushwa, na chawa hupata nafasi ya kuhama. Hapa nchini kazi hiyo hufanywa na tenga la mchuuzi siku ya gulio. Njiwa mpya anayeingizwa bandani bila kutengwa kwanza ndiye mlango mkuu wa wadudu hawa. Mlango mwingine ni kiota, kwa kuwa kinda huambukizwa na wazazi wake.

Chawa wanaoonekana zaidi ni wa namna mbili. Mmoja ni mwembamba, mwenye urefu wa milimita 2 hivi, ambaye hujibana kati ya nyuzi za manyoya makubwa ya bawa. Mwingine ni mfupi na mnene kidogo, akikaa katika manyoya ya mwilini. Kumtambua yule mwembamba, bawa hukunjuliwa taratibu na kuelekezwa kwenye mwanga wa jua. Huonekana kama uzi mfupi mweusi. Wote wawili hula sehemu laini za manyoya, wala hawanyonyi damu. Ndiyo sababu sindano ya ivamektini, ambayo baadhi ya wafugaji huiomba kwa kuwa imewafaa kwa mbuzi, haitegemewi kwa chawa hawa: dawa iliyo katika damu haimfikii ipasavyo mdudu anayekula unyoya.

Njiwa mwenye chawa wachache haugui. Wakizidi, manyoya yanayohifadhi joto hupungua na ndege hulazimika kutumia chakula kingi zaidi kujipatia joto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulionyesha pia kwamba majike huwapendelea madume wasio na chawa wengi, jambo ambalo mfugaji anayesubiri mayai angefaa kulijua.

Swali lenye uzito zaidi ni kwa nini chawa wamezidi. Kinga kubwa ya njiwa ni mdomo wake. Ncha ya mdomo wa juu, inayoning'inia milimita 1 au 2 mbele ya ule wa chini, humsaidia kumbana na kumponda chawa anapojichambua. Ncha hiyo ikikatwa au ikivunjika, chawa huongezeka hata kama banda ni safi. Kwa hiyo haifai kuwakata njiwa midomo kwa kuiga wanaofuga kuku wa mayai. Vilevile, ndege mgonjwa huacha kujichambua. Njiwa mmoja aliyejaa chawa kati ya wenzake walio safi achunguzwe kwanza kinywani, kwani utando wa rangi ya manjano kooni ni dalili ya ugonjwa unaohitaji tiba nyingine kabisa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Chawa hawa hupata maji kutokana na unyevu wa hewa, hivyo hustawi pwani na wakati wa masika kuliko katika maeneo makavu.

Kwa tiba, unga wa pamethrini uliotengenezwa kwa ajili ya ndege unafaa, na hupatikana katika maduka ya dawa za mifugo. Dawa za pareto, zao linalolimwa katika mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini, hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Unga hupakwa chini ya mabawa, shingoni na kwenye shina la mkia, huku macho na mdomo vikikingwa. Kipimo na muda wa kusubiri kabla ya kula nyama au mayai vimeandikwa kwenye kibandiko na vifuatwe. Paka asikaribie pamethrini, maana inaweza kumuua. Mabaki yasimwagwe mtoni, kwa kuwa huua samaki.

Kosa linalorudisha chawa ni kutibu mara moja. Mayai yaliyogandishwa kwenye manyoya huwa hayafi kwa dawa hiyo. Huanguliwa baada ya siku chache. Tiba irudiwe baada ya siku 10 hadi 14, kabla chawa wapya hawajakomaa na kutaga, na ndege wote wa banda watibiwe siku hiyo hiyo. Matandiko ya viota yachomwe na vumbi lizolewe kila baada ya wiki 2 au 3, kwa sababu inzi wa njiwa, mdudu bapa anayenyonya damu, hukulia humo, na chawa wembamba humdandia ili kuhamia kwa ndege mwingine. Kuhusu makinda, afisa mifugo aulizwe kabla ya kupaka chochote.

Wafugaji wengi huwawekea njiwa sanduku la majivu kama la kuku. Njiwa hawaogi vumbi, huoga maji. Beseni pana lenye maji ya kina kifupi, mara 2 kwa wiki wakati wa asubuhi, huwasaidia kutunza manyoya, ingawa haliui chawa.

Anayehitaji msaada afike ofisi ya afisa mifugo wa kata akiwa na njiwa mmoja katika boksi lenye matundu, au manyoya machache katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Iwapo njiwa amepinda shingo, anazunguka au anashindwa kudonoa punje, asipelekwe ofisini wala sokoni. Virusi vinavyosababisha hali hiyo ni vya kundi moja na vya mdondo wa kuku na vinaweza kuwapata kuku wa jirani. Afisa apigiwe simu afike mwenyewe, njiwa wafungiwe, na kuku wa nyumba hiyo ambao hawajapata chanjo ya tone la jicho katika miezi 3 iliyopita watajwe katika simu hiyo hiyo.