Je, Wajua? Sura Inayomsaidia Asiyejua Kusoma Kupiga Kura

Nchini Brazili, mtu asiyejua kusoma humchagua kiongozi wake kwa kubonyeza namba na kuitazama sura.

Wasiojua kusoma walipata tena haki ya kupiga kura mwaka 1985. Lakini kwa kura ya ubunge, karatasi ilimtaka mpigakura aandike mwenyewe jina au namba ya mgombea. Kura nyingi mno ziliharibika. Haki ilikuwepo, sauti haikufika! Mashine za kupigia kura zilianza kutumika 1996, zikaenea nchi nzima mwaka 2000, na kura zilizoharibika zikapungua sana.

Vitufe vya mashine vimepangwa kama vya simu, tena vina nukta nundu kwa wasioona. Ukibonyeza namba, picha ya mgombea inatokea. Ndiye? Bonyeza kitufe cha kijani. Siye? Cha rangi ya chungwa kinafuta, unaanza upya.

Mashine hiyo haiunganishwi na intaneti. Asubuhi, kabla ya kura ya kwanza, huchapisha karatasi inayoonyesha kila mgombea ana sifuri. Jioni huchapisha hesabu ya kura zote, nayo hubandikwa palepale kituoni, watu waione.