Mgongo Mweusi Hautoshi: Kumpima Mbwa wa Kuokota

Ukiwa na mbwa Buruburu, watu hawaanzi kwa kukuuliza jina lake, wala kama amechanjwa. Wanauliza, "Ni orijino?" Mimi hutibu wanyama wa nyumbani katika mitaa hii ya Eastlands, na swali hilo nimelisikia kwenye malango kuanzia Phase 1 hadi Phase 5. Mbwa anayeulizwa zaidi ni yule mrefu, mwenye masikio yaliyosimama na mgongo mweusi. Jina lake kamili ni German Shepherd; vijana humwita German kwa mkato. Wazee waliokulia Jericho na Makadara bado humwita Alsatian, jina ambalo Waingereza walimbandika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu kitu chochote cha Kijerumani kilikuwa kinawachoma roho.

Mama mmoja, jirani wa korti yetu ya nyumba, ana shamba Joska, huko Barabara ya Kangundo ukishapita Kamulu. Msimu wa kuvuna mahindi alijitokeza mbwa jike pale shambani, akalala kando ya tangi la maji, akafukuzwa na asiondoke. Mfanyakazi wa shamba akawa anamtupia ugali. Mwisho mama akampakia kwenye pikapu akamleta mjini, na hata hajamshusha tayari mtu wa mtaa wa Umoja alishapiga simu kuulizia watoto atakaowazaa mbwa huyo.

"Daktari, mtazame vizuri," akaniambia. "Huyu akiwa orijino, Mungu amenikumbuka."

"Nitamtazama, mama. Lakini kwanza tumtengee mahali pake, asikutane na watoto wala na mbwa wengine."

Nilikuwa na sababu. Mbwa wa kuokota hana historia. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na hadi leo kinaua watu. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kukitokomeza ifikapo 2030. Virusi vyake huweza kukaa mwilini kwa wiki, hata miezi, kabla ya dalili kuonekana, kwa hiyo mbwa anayeonekana mtulivu leo hajathibitisha chochote. Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Alipokwisha kutulia na kula, nilichukua tepu ya fundi cherehani.

Kutoka sakafuni hadi kilele cha bega alikuwa na sentimita 56. Kanuni za Wajerumani za German Shepherd zinataka jike awe kati ya 55 na 60, na dume kati ya 60 na 65. Hapo alipita, na mama akatabasamu. Kisha nikapima urefu wa mwili, kuanzia mfupa wa kifua mbele hadi ncha ya kitako, nikapata 57. German Shepherd huwa mrefu kuliko kimo chake kwa asilimia 10 hadi 17. Jike wa kimo hiki alipaswa kuwa na urefu wa sentimita 62 hadi 65. Huyu alikuwa mraba. Umbo la mraba unalipata kwa mbwa wetu wengi wa kienyeji, na pia kwa Malinois, yule mbwa wa Kibelgiji ambaye watu humkuta na walinzi wakamwita German bila kujua.

Kipimo hicho ndicho ninachokiamini kuliko rangi. Njaa haibadilishi mifupa ya mbwa mzima. Uzito wake ulikuwa kilo 19 huku kanuni ikitaka jike awe na 22 hadi 32, lakini hilo sikulitilia maanani hata kidogo, maana mbavu zake ulikuwa unazihesabu ukiwa umesimama mlangoni.

Nikafunua manyoya juu ya bega kwa vidole viwili. German Shepherd ana tabaka mbili: manyoya magumu ya juu, na chini yake sufu laini iliyoshonana, ya kijivu kidogo. Chini ya manyoya ya jike huyu nilikutana na ngozi moja kwa moja. Joto na utapiamlo hupunguza ile sufu, kwa hiyo peke yake si hukumu, ila niliiweka akilini. Mkia nao ulisema jambo. Wa German huning'inia hadi kwenye kifundo cha mguu wa nyuma au chini yake, ukijipinda kwa upole kama jambia. Wake, kila alipochangamka, ulijikunja juu ya mgongo. Vidole vya miguu ya mbele vilikuwa vyeupe kama vimechovywa kwenye chokaa, na kanuni haikubali weupe huo; doa dogo kifuani huvumiliwa, lakini halipendwi.

Sikio la kushoto lilikuwa limeinama nchani. Mama alidhani hilo ndilo litakalomharibia. Nikamwonyesha ndani: kupe, na kovu la kuumwa. Sikio la mtoto wa German Shepherd husimama kati ya wiki ya 8 na mwezi wa 6, na baadaye gegedu lake likiumia linaweza kulala milele bila kubadilisha damu yake. Na kinyume chake, sikio lililosimama halithibitishi kitu. Mbwa wengi wa kienyeji wana masikio yaliyosimama vizuri tu.

Kisha ule mgongo mweusi. Huu ndio unaowapoteza watu wengi. Mchoro wa mgongo mweusi na miguu ya kahawia unatokana na jeni zinazopatikana kwa aina nyingi za mbwa, wakiwemo Beagle na Airedale, na jeni hizo husafiri zenyewe. Katikati ya karne iliyopita huko Marekani, watafiti John Paul Scott na John Fuller walichanganya Cocker Spaniel na Basenji, mbwa wa asili ya Kongo ambaye ni ndugu wa karibu wa mbwa wetu wa vijijini. Katika vizazi vilivyofuata walizaliwa mbwa ambao usingeweza kuwakisia wazazi wao kwa kuwatazama. Kinachowezekana huko kinawezekana Joska: mbwa akawa na rangi ya babu mmoja na mifupa ya mababu wengine watano.

Hata wazoefu hukisia vibaya. Mwaka 2009 Victoria Voith na wenzake huko California walilinganisha aina ambazo makao ya mbwa yalikuwa yamewaandikia mbwa 20 na matokeo ya DNA yao. Kwa mbwa wengi, maandishi na damu havikukubaliana. Ndiyo maana mimi hutumia mwili kumtoa mbwa kwenye orodha, si kumwingiza. Mwili unaweza kusema "hapana" kwa uhakika mkubwa. "Ndiyo" hauwezi kuisema.

Kinachoisema ni kitabu cha nasaba. Mwaka 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, kapteni wa kikosi cha wapanda farasi aitwaye Max von Stephanitz aliona mbwa wa kuchunga kondoo, akamnunua, akambadilisha jina kuwa Horand von Grafrath, akamwandika wa kwanza kwenye daftari la chama alichokianzisha. Uhalisi wa German Shepherd ndio huo: wazazi wake wameandikwa, na wazazi wa wazazi wao, kurudi nyuma hadi kwenye daftari lile. Hapa kwetu usajili hufanywa na East Africa Kennel Club ya Nairobi. Mbwa ambaye mama na baba yake hawajulikani hapati cheti cha nasaba hata awe mzuri namna gani. Kipimo cha DNA, kinachochukuliwa kwa kupangusa ndani ya shavu, kinaweza kukupa makisio ya asilimia kwa kulinganisha na mbwa waliomo kwenye hifadhi ya maabara. Ni maarifa mazuri, lakini si cheti.

Nilimwambia mama ukweli wote: jike wake ni chotara. Yawezekana kuna German Shepherd katika ukoo wake, labda babu aliyeletwa kulinda shamba la mtu, lakini damu ya kienyeji ndiyo iliyomjenga. Nikapitisha mashine shingoni na mabegani kutafuta chipu, nisiione. Tukapeleka habari kwa majirani wa Joska na kwa mzee wa kijiji, kwa sababu mbwa mzuri kama yule huenda kuna mtoto anamlilia mahali fulani. Hakuna aliyejitokeza. Akachanjwa, akapewa dawa ya minyoo, na afya ilipomrudia akafungwa kizazi.

Yule wa Umoja alikasirika. Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Nyua za Buruburu zilizojengwa miaka ya sabini na themanini zimejaa vyumba vya kupangisha, hazina nafasi ya mbwa, na watoto wa mbwa wanaouzwa kwa jina kubwa huishia kwenye Mumias South Road au kwenye jalala la Dandora pindi masikio yanapokataa kusimama. Hiyo ndiyo biashara inayozalisha mbwa koko tunaowalalamikia, nami siwezi kuisaidia.

Kwa hiyo ukitaka German Shepherd wa kweli, usinunue mgongo mweusi. Omba cheti cha usajili cha mama na cha baba, ulinganishe namba zao na klabu yenyewe, uombe kumwona mama akiwa na watoto, na uulize kama nyonga za wazazi zimepigwa eksirei, kwa kuwa ugonjwa wa nyonga huisumbua sana aina hii hata inapokuwa halisi kabisa. Muuzaji akikosa karatasi hizo, lipa bei ya chotara au urudi nyumbani. Na ukimwokota mbwa shambani, mpeleke akachanjwe kabla ya kumuuliza mtu yeyote ukoo wake.