Mugongo Unaouma

Huku Kivu tunaona jambo hili kila siku. Mama anatoka shambani na gunia la mihogo mugongoni, kamba imepita kwa paji la uso, na mutoto kifuani. Kesho yake hawezi kuinama kufagia nyumba. Mumoja anasema figo zimeharibika, mwingine anasema jirani amemutupia kitu. Tuangalie kwanza namna mugongo ulivyo.

Mugongo si mufupa mumoja kama mupini wa jembe. Toka shingo mpaka kiuno kuna mifupa midogo 24 iliyopangwa moja juu ya ingine, na katikati yao kuna kitu laini kama muto mudogo. Nyama zenye nguvu zinaishika pande zote. Muzigo ukipita kiasi, nyama hizo zinavutika na kuuma. Mara nyingi maumivu hayo yanakwisha nyuma ya majuma machache. Zamani waganga waliamuru mugonjwa alale siku nyingi, lakini sasa tunajua kwamba kulala sana kunalegeza nyama. Tembea polepole, fanya kazi nyepesi, weka kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza. Usikubali kukanyagwa mugongo. Usikubali kuchanjwa vilevile, kwa maana wembe uliokata mwingine unaweza kukupa Sida ao ugonjwa wa ini.

Lakini kuna maumivu mengine. Yanazidi usiku, hata mutu akipumzika. Homa kidogo inakuja jioni, mwili unakonda. Siku moja mama anamwosha mutoto wake, naye anaona mufupa umetokeza katikati ya mugongo. Mara nyingi hicho ni kifua kikuu kilichoingia mufupani. Ndiyo, kifua kikuu, hata kama mutu hakohoi! Mududu wake, ule ambao Robert Koch aliuonyesha mwaka 1882, unakula mufupa polepole mpaka unabomoka, na kibyongo kinatokea. Jamaa wanatafuta mulozi, na wakati huo mududu haupumziki. Dawa ziko: zinamezwa kila siku, miezi 6 ao zaidi, mara nyingine hata 12. Zinaua mududu, lakini kibyongo kilichokwisha kutokea hazikinyooshi. Basi leteni mutoto mbele.

Miguu ikilegea, ganzi ikishika katikati ya mapaja, mukojo ukizuiwa ao ukitoka wenyewe, njoo siku ile ile, hata usiku.

Juu ya muzigo: chuchumaa, uukaribishe kifuani, simama kwa nguvu ya miguu, wala usijipinde ukiwa nao. Afazali safari mbili za nusu gunia.

Na ninyi wababa, tunawaona njiani. Bwana anatangulia na fimbo, muke anafuata na kuni, mihogo na mutoto. Anapofika hapa analia kiuno, nanyi munaomba sindano. Sindano ya kazi hiyo hatuna. Chukueni mihogo ile juu ya kinga yenu.