CHUNGA PAKITI YA DAWA, NI MUSHUHUDA WAKO



Mama akinunua muhogo sokoni, anaugusa, anauvunja, anauonja. Akidanganywa, anajua palepale. Lakini dawa je? Kidonge kinafanana na kidonge kingine. Kwa hiyo tunahitaji sheria, ione mahali jicho la mama halifiki.

Tuangalie jambo lililotokea katika inchi yetu, kule Ituri. Kutoka mwisho wa mwaka 2014 mpaka 2015, watu zaidi ya 400 waliletwa hospitali, watoto nao walikuwamo. Shingo zilipindika, nyuso zilikazana, ndimi zilitoka inje. Kwanza waganga walizani ni meningite. Kisha vidonge walivyokuwa wamemeza vikapimwa. Chombo kiliandikwa diazepam, lakini ndani mulikuwa haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Ona hatari!

Je, sheria haiko? Iko. OCC inapima vitu vinavyoingia inchini. Tangu mwaka 2020 kuko pia ACOREP: kazi yake ni kuruhusu dawa na kukagua wanaoziuza. Lakini inchi ni kubwa, mipaka ni mirefu, njia ni mbaya. Sheria isiyoletewa habari ni kama mbwa aliyefungwa nyuma ya nyumba: meno anayo, lakini mwizi anapita mbele.

Mama, wewe ndiwe wa kuiletea habari. Fanya hivi:

1. Usinunue vidonge vya kuhesabiwa kwenye sahani, visivyo na pakiti.
2. Tafuta jina la dawa, tarehe ya mwisho (EXP) na namba ya loti (LOT). Kama hujui kusoma, omba mutoto wa masomo akusomee.
3. Omba risiti. Mwuzaji mwema hataikatala.
4. Chunga pakiti mpaka mugonjwa apone kabisa.
5. Mutoto akigeuka vibaya nyuma ya dawa, acha kumupa, umulete upesi pamoja na pakiti. Muganga atamujulisha daktari mukuu wa zone ya afya.

Kwa nini namba ile? Kwa sababu dawa zote zilizotengenezwa pamoja zina namba moja. Kwa namba ile, wakubwa wanaweza kutafuta zingine na kuziondoa sokoni, mbele hazijafika kwa mutoto wa jirani. Pasipo pakiti, mwuzaji atasema tu: «Haikutoka kwangu», na kesi itaishia pale.

Kwa hiyo usiitupe. Mungu anachukia udanganyifu wa sokoni. Sisi nasi tusiunyamazie.